Mchanga wa Saa Sita Mchana

Kama umeambiwa una sukari, na siku hizi ukikanyaga sakafu ya saruji unaona kama umekanyaga blanketi, keti nikuhadithie. Udaktari siujui na sitajifanya naujua. Nitakwambia niliyoyafanya kwa ujuaji wangu ili wewe usiyafanye. Na nikwambie mapema kwamba bado naogopa. Kanisani wananihimiza nitoe ushuhuda, niseme hofu imeniondoka, lakini siwezi kusimama madhabahuni nikasema uongo. Hofu ipo, naamka nayo kila siku.

Mimi huitwa Mama Sidi, kwa jina la binti yangu wa kwanza na wa mwisho. Tunakaa Mwakirunge, upande wa juu. Watu wa mjini wanaijua Mwakirunge kwa takataka peke yake. Hawajui kwamba ukishapita matimbo ya mawe na ile harufu ya jaa, nchi inafunguka, unaona minazi, mikorosho, mashamba ya muhogo, na chini kabisa hori la bahari linang'aa katikati ya mikoko. Miaka kumi na minne nimekula kwa kuwaonyesha wageni hayo wasiyoyajua.

Kazi yangu ni kutembeza watu. Sina gari wala mashua, nina njia tu. Nilikuwa namchukua mgeni asubuhi na mapema, tunateremka kwa njia ya ng'ombe mpaka horini, tunafuata ukingo wa mikoko maji yakiwa yamekupwa, namwonyesha kaa na ndege na makaburi ya zamani ambayo hayana wenyewe, tunapumzika kwa mama mmoja anayeuza madafu, tunavuka barabara kuu ya kwenda Malindi, na mwisho tunatokea pwani ya Shanzu tunatia miguu majini. Ni mwendo wa saa nne kwa mtu anayejua kutembea. Kwa mtu wa kupiga picha kila kipepeo, weka saa sita.

Na njia hiyo yote niliitembea pekupeku. Hiyo ndiyo ilikuwa ringo yangu. Nyayo zangu zilikuwa ngumu, mwiba ulivunjika kabla haujaingia, na wageni walikuwa wakiniomba niinue mguu waupige picha. Nami nikiinua. Waliponiuliza kuhusu viatu niliwajibu kwamba viatu ni vya watu wa lami.

Nilipoambiwa kwenye zahanati kwamba nina sukari, nilipewa vidonge na maneno matatu manne: nisitembee bila viatu, nitazame nyayo zangu kila jioni, nirudi kila mwezi. Vidonge nilimeza nilipokumbuka. Viatu vya kufunika alivyoninunulia mume wangu nilivigawa. Kutazama nyayo niliona ni kazi ya mtu aliyekosa kazi.

Ganzi ilinianza kwenye vidole vidogo. Ilipanda kama maji yanavyojaa horini, huyaoni yakija, unashtukia tu mahali palipokuwa pakavu pana maji. Siku moja tuko njiani na wageni wawili, mume na mke kutoka Nakuru, yule mama akaniambia, "Mama, mbona unatoka damu?" Nikageuza mguu. Kipande cha ganda la chaza kilikuwa kimeingia unyayoni chote, kimebaki ncha. Tulikuwa tumeacha mikoko saa nzima nyuma. Nilikichomoa, nikacheka, nikawaambia huo ndio mguu wa Kigiriama. Lakini moyoni niliogopa, na tulipofika Shanzu nilitia miguu majini nikagundua kwamba siwezi kujua kama maji ni ya moto au ya baridi mpaka nitie mkono.

Sasa kwetu pwani, dawa ya mguu uliokufa haitafutwi mbali. Ni mchanga. Nenda ufuoni Jumapili yoyote ya kaskazi utaona. Mwenye kiharusi, mwenye baridi yabisi, mwenye mgongo, anachimbiwa shimo, analazwa, anafukiwa mpaka kiunoni, anafunikwa leso kichwani, anakaa mpaka jasho limmiminike. Shangazi yangu alipopooza upande alifukiwa kaskazi nzima, na mwisho wake akaweza kushika kikombe. Niliyaona kwa macho yangu, kwa hiyo siutukani mchanga. Lakini shangazi alikuwa akiusikia ule moto. Ukimzidia alipiga kelele, "Nitoeni," wakamtoa. Mimi sikuifikiri hiyo tofauti.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa pili, tumetoka kanisani, jua la kaskazi limesimama utosini. Nilimburuta mume wangu, Katana, mpaka Shanzu. Katana ni mtu wa karatasi, kazi yake ni ukarani Kipevu, kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Ni mpole, hapandishi sauti, na mimi kwa miaka yote hiyo upole wake niliuchukulia kuwa ni uzembe. Alichimba shimo, nikaketi, nikanyoosha miguu ndani yake. Akatia mikono mchangani, akaitoa.

"Mama Sidi, mchanga huu mkali. Tungoje jua lishuke kidogo."

"Jua likishuka dawa imekwisha. Fukia."

"Mkono wangu hauwezi kustahimili."

"Mkono wako umezoea karatasi. Fukia, bwana, usinipotezee siku."

Alifukia. Tukakaa. Baada ya muda akaniuliza naonaje, nikamwambia sioni kitu, achote ule wa juu, ule uliopigwa na jua, aongeze. "Nakwambia ni moto," alisema tena. Nikamcheka. Nilimwambia kama anaogopa mchanga angeolewa yeye. Akaongeza, kiganja kwa kiganja, juu ya mguu wa kushoto uliozidi kwa ganzi, na mimi nikasubiri joto lije. Nilisubiri nusu saa au zaidi. Halikuja. Mwishowe nikasema leo mchanga hauna nguvu, anitoe twende nyumbani.

Jioni ile lengelenge lilikuwa limevimba chini ya mguu wa kushoto, kubwa kama limau. Asubuhi yake lilipasuka na ngozi ya unyayo ikabaki kwenye leso. Ile ngozi ngumu ya miaka yote, ilitoka kama soksi. Haikuuma. Nakuambia hili mara mbili kwa sababu ndilo lililonidanganya: haikuuma. Nikapaka mshubiri, nikaosha kwa maji ya chumvi, nikafunga kitambaa, nikamkataza Katana kumwambia mtu. Wiki ile nilimwona anakula sima kwa kijiko. Niliona, lakini sikumuuliza.

Siku ya tisa Sidi akaja kututembelea. Anafundisha shule ya msingi Changamwe, na akija kwetu huja na kelele zake. Siku ile aliingia mlangoni akanyamaza.

"Mama, nini kinanuka?"

"Ni upepo wa jaa. Umesahau kwenu?"

"Upepo leo unatoka baharini, mama."

Akaja mpaka kitandani akafunua leso. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimebadilika rangi na mstari mwekundu umepanda kutoka wayo kuelekea kifundoni. Sidi hakulia. Aligeuka akamtazama baba yake akamuuliza nani aliyenifanyia hivi.

"Mimi ndiye niliyemfukia mchanga," Katana akasema.

"Na mikono yako haikusikia moto?"

Katana aliinamisha kichwa. Nilingoja aseme, *nilimwambia*. Hakusema. Na mimi, mwenye mdomo wa kuwajibu watu wa kila pembe ya dunia, nilinyamaza. Nikasema tu, "Twendeni hospitali." Ndivyo ilivyokuwa, tangu siku ile Sidi akaacha kuzungumza na baba yake, na mimi nikamwachia Katana mzigo wangu.

Hospitalini nilitiwa maji ya dawa mshipani, nikawekwa kitanda cha dirishani. Sista mmoja mnene mwenye sauti ya chini alichukua kalamu akachora mstari kwenye ngozi yangu, juu kidogo ya kifundo, pale wekundu ulipokomea. "Ukivuka hapa, tutajua," akasema. Hakunieleza tutajua nini na sikumuuliza. Nimepita njia nyingi, hori nimevuka, mvua imenikuta porini, lakini sijawahi kuogopa kitu kama ule mstari wa kalamu. Kila kukicha nilifunua shuka kabla sijasali. Siku ya pili wekundu ulikuwa umeuvuka kwa upana wa kidole. Sista akachora mwingine. Siku ya tatu ukavuka na ule.

Daktari wa upasuaji akaja, kijana tu, macho yamechoka. Alisema wataondoa vidole viwili na nyama iliyooza, na wakifika ndani wakute mfupa nao umeharibika, watakata chini ya goti palepale, hawataniamsha kuniuliza. Akanipa fomu nitie sahihi.

"Mwanangu, kazi yangu ni mguu," nilimwambia. "Mimi huishi kwa kutembea."

"Najua, mama. Lakini ukichelewa hatutakuwa tunazungumza habari za mguu tena."

Niliikataa ile fomu asubuhi, nikaikataa adhuhuri. Nilimwambia Sidi anifungie nguo twende nyumbani, nife na miguu yangu yote. Sidi alisimama pale na ile fomu mkononi, anaikunja na kuikunjua, na ndipo nilipoona kwamba mtoto wangu ana hofu kuliko mimi. Nikatia sahihi alasiri. Herufi zilipinda.

Sitakueleza chumba cha upasuaji, sikumbuki ila taa. Ninachokumbuka ni kuamka. Koo limekauka, mwili umelala, na shuka limenifunika mpaka kifuani. Nilijua chini ya shuka lile kuna jibu, na sikuweza kulifunua. Hata kuinua kichwa nilishindwa. Na kusikiliza mguu hakukusaidia kitu, maana miguu yangu ilikuwa haisemi tangu zamani. Katana alikuwa kitini kando yangu na shati lake la kazi.

"Baba Sidi," nikamwambia, "tia mkono uniambie."

Akatia mkono chini ya shuka. Nilimwangalia usoni, na uso wake hausomeki kirahisi.

"Uko," akasema.

"Mpaka wapi?"

"Mpaka chini. Vidole vitatu."

Nililia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaniuliza kama nimefiwa.

Basi masika yote niliyahesabu kwa kufungwa kidonda. Siku moja nyumbani, siku moja hospitalini, wiki kwa wiki. Amri ilikuwa moja, mguu wa kushoto usiguse chini. Nilipewa magongo mawili. Lakini nenda na magongo kwenye udongo wa Mwakirunge mvua ikinyesha, uone utafika wapi. Bodaboda zilikuwa hazipandi mpaka kwetu. Kwa hiyo Katana alinibeba mgongoni mpaka penye changarawe, karani wa watu, suruali imekunjwa magotini, viatu vya ofisini amevifunga shingoni kwa kamba. Majirani walichungulia. Walikuwa wameshaamua kwamba nimekanyaga kitu nilichotegewa njiani na mwenye kunionea kijicho. Sikuwabishia. Ilikuwa nafuu wamseme mchawi kuliko wauseme mchanga, kwa sababu nikiusema mchanga ningelazimika kusema yaliyobaki.

Kwenye chumba cha vidonda kuna benchi refu, na kwenye benchi lile hakuna anayeangalia uso wa mwenzake. Kila mtu anaangalia miguu. Unahesabu. Huyu amebaki na kumi, huyu na saba, huyu ana mguu mmoja. Unajilinganisha, unajionea aibu, unarudia tena kuhesabu. Aliyenifundisha kuinua macho alikuwa Mzee Mrisho, fundi wa cherehani kutoka Likoni, mguu wake wa kulia ulikuwa umeshakatwa zamani na sasa alikuja kwa ajili ya kisigino cha kushoto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Vimesalia vingapi?"

"Vinane."

"Unavyo vingi. Mimi nina vitano, na cherehani yangu ni ya kukanyaga." Akacheka peke yake, kisha akaniinamia. "Wauogopa mguu uumao? Huo wakwambia hali yake. Usouma ndio wa kuogopwa."

Kila tulipokutana aliniwekea nafasi pembeni yake. Alinionyesha namna ya kushika kioo kidogo cha mkobani kuangalia chini ya mguu bila kuinama. Alinifundisha pia kuula muhogo robo na kuuacha robo tatu, ingawa yeye mwenyewe nilimwona akitafuna mahamri uani, akayaficha nilipomkaribia. Nilimpenda yule mzee.

Mwili wangu ulibadilika nikiuona. Mguu wa kushoto ulikonda, paja likawa kama la mtoto. Na ule wa kulia, ambao haukuungua, ulianza kubambuka taratibu kwa kukosa njia. Ngozi ngumu ilitoka kwa vipande mpaka unyayo ukabaki mlaini, mweupe. Miaka yangu yote ya kutembea ilikuwa pale chini na sasa nilikuwa naifagia kwenye beseni. Nilimkataza mtu kuiona.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya kwa njia nyingine. Sidi alikuwa akija kila Jumamosi, anapika, anafua, ananipima sukari kwa kile kipimo cha kidole, na baba yake akiingia jikoni yeye anatoka. Akitaka jambo kwake, ananiambia mimi. "Mwambie baba dawa zimekwisha." Baba mwenyewe yuko pale pale, anamsikia. Alijibu, "Nitaleta," na alileta. Hakulalamika hata siku moja. Nami kila Jumamosi nilijiapiza nitasema, na kila Jumamosi niliona nikisema nitapoteza heshima, na nina mguu nusu, na sikutaka kupoteza viwili.

Kipupwe kilipoingia kidonda kilikuwa kimepungua hadi ukubwa wa kifungo cha shati. Asubuhi moja Sidi alikuwa ameomba ruhusa shuleni, ndiye aliyenisindikiza ndani, Katana amebaki nje kwenye foleni ya dawa. Tuliketi kwenye benchi. Nafasi ya Mzee Mrisho ilikuwa tupu. Sista akatoka na kadi, akaita, "Mrisho." Akangoja. Akaita tena. Mwanamke mmoja wa Likoni aliyekuwa mwisho wa benchi akasema kwa sauti ndogo, "Sista, tulimzika Alhamisi." Sista aliitazama kadi, akaiweka chini ya nyingine zote, akachukua iliyofuata.

"Mama Sidi."

"Abee," nikajibu, lakini sikuinuka. Niliona kadi yangu nayo ikiwekwa chini, na Katana amebaki na lile jambo mgongoni maisha yake yote. Nikamshika Sidi mkono.

"Baba yako aliniambia mchanga ni moto," nikasema. "Aliniambia mara tatu. Mimi nikamcheka, nikamwambia aongeze. Mikono yake ilibabuka, alikula kwa kijiko wiki nzima. Na siku ile ulipomuuliza, nikamwacha."

Sidi alinigeukia. Sista aliita tena jina langu.

"Kwa nini yeye hakusema?"

"Hilo mwulize mwenyewe."

Aliniinua, akanikabidhi kwa sista, akatoka. Kitanda cha kufungia vidonda kiko karibu na dirisha la kioo, na pale nilipolazwa niliwaona uani. Sikuwasikia. Niliona Sidi amesimama mbele ya baba yake kwenye foleni, ameushika mkono wake, anaugeuza kiganja juu, kiganja chini. Alipokuja kunichukua macho yalikuwa mekundu. Aliniambia, "Mama, umenikosea sana." Nikamwambia najua. Mwezi mzima alikuwa na hasira na mimi, na hasira hiyo ilikuwa haki yangu, nikaila.

Kidonda kilifunga kabisa mwanzo wa vuli. Sista alinituma Bombolulu kwa fundi wa viatu, bwana mmoja ambaye mguu wake umepooza tangu utotoni na anatembelea gongo. Alinisimamisha juu ya karatasi akachora miguu yangu kwa penseli, polepole, akizunguka kila kidole na pale pasipo na vidole. Nilishtuka kuona ile kalamu tena kwenye mguu, akaniambia, "Tulia, mama, huu ni mstari wa kiatu." Viatu vikatoka vipana, vizito, vibaya kwa sura, ndani laini. Kabla hajanipa akanipa sharti: kila nikitaka kuvivaa nitie mkono ndani kwanza, kila mara, hata kama nimevivua dakika tano zilizopita.

"Na kama mkono nao una ganzi?" nikamuuliza, maana ncha za vidole zilikuwa zimeanza.

"Basi azima mkono wa mtu."

Nikaazima. Kila asubuhi kabla Katana hajaenda kazini, huketi kwenye kigoda mlangoni, anatia mkono katika kiatu cha kulia, anapapasa mpaka mbele, kisha cha kushoto. Ameshatoa kijiwe, mbegu ya korosho, na mara moja msumari mdogo ulioingia kutokea chini. Maji ya kuoga hutia yeye mkono kwanza. Jioni anashika kioo anaziangalia nyayo zangu, na mimi naangalia uso wake. Zile dakika mbili mpaka aseme "salama" sijazizoea. Wewe unayenisikiliza, tafuta mtu wa kukuangalia, na akikwambia ni moto, mwamini.

Kazi sijarudia yote. Naongoza wageni mpaka ukingo wa mikoko, nusu ya njia, na msichana wa jirani anawachukua kutoka hapo. Nikiwaona wakipotea kwenye majani naumia, sitakuficha.

Kaskazi iliporudi nilimwomba Katana anipeleke Shanzu. Nilitaka kuiona tu bahari. Ilikuwa Jumapili, baada ya kanisa. Tulipofika penye mivinje nikamwambia nataka kuvua viatu, hatua kumi tu mpaka majini, nisikie. Nilisema "nisikie" kwa mazoea. Katana hakubisha. Aliinama akaweka kiganja kwenye mchanga, akakiacha pale.

"Vipi?"

"Tungoje," akasema.

Nikaketi chini ya mvinje, nikangoja. Hapo ndipo nilipowaona. Hatua chache kutoka kwetu, juani kabisa, vijana wawili walikuwa wamemfukia mama mmoja mtu mzima mpaka magotini, leso kichwani, wanawe au wajukuu, sijui. Walikuwa wanamchotea ule wa juu. Nilijiambia si mambo yangu, labda ni mgongo, labda ni baridi yabisi, kila mtu na maradhi yake. Kisha nikachukua gongo langu nikaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani kukuuliza. Una sukari?"

"Ninayo. Wewe umejuaje?"

"Na huo moto unausikia?"

Aliniangalia kwa upole, anatabasamu, jasho halimtoki hata tone.

"Hata kidogo, mwanangu. Leo mchanga hauna nguvu."

Niligeuka kumwita Baba Sidi. Alikuwa ameshapiga magoti karibu yangu, anaufukua kwa mikono yake mitupu.